Baada ya Salamu: Uhakiki wa Neno "Tafsiri" katika Elimu ya Chembe Hai

Makala haya yanahusu neno moja, nalo ni neno tafsiri, kwa namna linavyotumika katika elimu ya viumbe. Wataalamu wa elimu hiyo husema kwamba chembe hai hutafsiri ujumbe wa RNA kuwa protini. Usemi huu umetoka katika lugha za Ulaya, ukaingia katika Kiswahili bila kuhojiwa mlangoni, na sasa husikika madarasani na katika maelezo ya madaktari juu ya chanjo. Kusudi langu si kulifukuza neno hilo. Nataka kulipima: kuona lina haki gani ya kukaa hapo lilipowekwa, linaeleza nini, na linaficha nini. Nitajaribu kuonyesha kwamba neno hili ni zuri kuliko wanavyodhani wanaolikataa, lakini uzuri wake haupo mahali wanapoutafuta wanaolisifu. Uzuri huo upo katika mwanzo wa kazi, na mwanzo ndio sehemu ambayo maelezo yetu ya Kiswahili huiruka.

Kipimo changu ni Mgori. Mgori ni kata ya Wilaya ya Singida, nchi ya Wanyaturu, penye msitu wa miombo ambao katika miaka ya 1990 vijiji vya jirani vilikabidhiwa kuutunza vyenyewe. Mvua huko ni ya msimu mmoja, nayo huanza karibu na mwisho wa mwaka. Watu hulima mtama, uwele na mahindi, na alizeti ndiyo zao la fedha lililoupatia Mkoa wa Singida jina katika nchi. Mtoto wa huko husema Kinyaturu nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na akifika sekondari huikuta elimu ya viumbe imevaa Kiingereza. Habari za RNA na protini humfikia katika lugha hiyo ya tatu, na aghlabu huwafikia wachache tu waliobahatika kusoma kidato cha tano na cha sita. Mzazi wake, ambaye amehifadhi mbegu za alizeti ghalani tangu mavuno hata mvua, hazisikii habari hizo kabisa, ijapokuwa jambo lenyewe hutukia katika mbegu zake kila msimu. Maelezo ya Kiswahili yasiyoweza kumfaa mtu huyu ni Kiingereza kilichobadili nguo.

Tuanze na jambo lenyewe. Ndani ya kiini cha chembe hai mna DNA, ambayo Watanzania wameipa jina la vinasaba. Jina hilo limetoka katika nasaba, yaani ukoo, nalo limechaguliwa vema, maana mtu asiyejua kusoma hulielewa nusu yake kabla hajaelezwa. Urithi wa kiumbe umeandikwa humo kwa herufi nne. Chembe ihitajipo protini fulani hunakili kipande cha maandishi hayo katika RNA. Herufi hubadilika kidogo, kwa kuwa T huwa U, lakini lugha ni ile ile. Kazi hii yafanana na ya mwandishi anayechukua utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu akauandika kwa hati za Kirumi: amebadili hati, hakubadili lugha. Wanaisimu wana neno tayari kwa kazi hiyo, nalo ni unukuzi. Nakala ile hutoka katika kiini ikaenda penye ribosomu, na huko herufi zake husomwa tatu tatu. Kila tatu huitwa kodoni, na kila kodoni hutaja asidi amino moja. Asidi amino zikiungwa mfululizo huwa protini. Hapa lugha imegeuka kweli. Kwanza palikuwa na herufi nne za RNA. Sasa pana asidi amino 20, wala hakuna ufanano wowote wa sura baina ya hizi na zile. Basi waliotenga unukuzi na tafsiri walitenga kwa haki, na Kiswahili kina maneno ya kuutunza mpaka huo.

Hata hivyo shauri haliishii hapo. Neno tafsiri lina historia. Katika Kiarabu maana yake ni ufafanuzi, hasa ufafanuzi wa Kurani. Kazi ya kutoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine Waarabu huiita tarjama, na Waswahili wa pwani wakapata tarjuma. Kiswahili kimelibebesha neno tafsiri kazi zote mbili. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipotoa Qurani Takatifu mwaka 1969, alifanya kazi zote mbili katika kitabu kimoja, kwa kuwa aliandika maana ya aya kwa Kiswahili na akaongeza maelezo. Twasema tena kwamba mahakama hutafsiri sheria, na kwamba mzee fulani hutafsiri ndoto. Katika matumizi hayo yote pana mtu mwenye akili anayepima maana na kuchagua. Wafasiri wawili wa kitabu kimoja hawatoi maneno mamoja, na hakuna anayeshangaa.

Hapo ndipo mashtaka juu ya neno hili yanapoanzia. Ribosomu haina akili ya kupima maana. Kodoni ziko 64. Kati yake 61 hutaja asidi amino, na tatu zilizobaki, yaani UAA, UAG na UGA, huamuru kazi ikome. Jedwali hilo ni karibu moja kwa viumbe vyote, kuanzia bakteria wa udongoni hata mkulima anayeulima udongo huo. Kodoni UUU hutaja fenilalanini leo, kesho na keshokutwa. Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei waliligundua hilo mwaka 1961 kwa kutia katika mchanganyiko wa chembe zilizopondwa RNA iliyokuwa na herufi U peke yake, wakapata mnyororo wa fenilalanini peke yake. Je, hiyo ni tafsiri? Mshtaki atasema kwamba hiyo ni kazi ya karani anayesoma jedwali la bei, na kwamba tumemvika karani kilemba cha mfasiri. Mashtaka hayo yana nguvu, na wale wanaolisifu neno kwa sababu tu Waingereza wana neno kama hilo hawajayajibu.

Kabla ya kuyajibu, yafaa tulitazame neno la pili linalofuatana nalo, yaani mjumbe. RNA inayosomwa na ribosomu huitwa kwa Kiingereza kwa jina la mpeleka habari, na neno linalokuja kwanza mdomoni mwa mfasiri wa Kiswahili ni mjumbe. Neno hili silipendi. Mjumbe katika nchi yetu ni mtu mwenye mamlaka: mjumbe wa baraza, mjumbe wa mkutano, mjumbe wa nyumba kumi. Huketi, husema, hujibu na hupiga kura kwa niaba ya waliomtuma. Hata mjumbe wa zamani aliyetumwa na mfalme alikuwa na ulimi wake, naye aliweza kuongeza neno au kupunguza. RNA hii haina ulimi. Neno tarishi lingekuwa jepesi zaidi, maana tarishi hubeba asichokisoma. Lakini tarishi na barua ni vitu viwili, na hapa hakuna mbebaji aliye mbali na kinachobebwa. RNA yenyewe ndiyo barua. Kwa hiyo napendekeza iitwe waraka. Waraka huandikwa, hutumwa, husomwa na wengi, kisha huchanwa; na hayo yote ndiyo yanayoipata RNA hii katika chembe.

Tukiisha kukubali kwamba ni waraka, swali la nani anayetafsiri hupata jibu safi. Watu wengi hudhani ni ribosomu. Francis Crick aliona mapema, mwaka 1955, kwamba lazima pawe na kiungo cha kati kinachozijua pande mbili, na kiungo hicho kikapatikana: ni RNA ndogo ambayo mwisho wake mmoja una herufi tatu za kukutana na kodoni, na mwisho wake wa pili umebeba asidi amino. Kiswahili kina jina la anayesimama katikati ya watu wasioelewana, nalo ni mkalimani. Mtu wa Mgori hahitaji kamusi kwa neno hilo. Na ukiuliza ni nani aliyemfundisha mkalimani lugha ya pili, jibu ni vimeng'enya maalumu vinavyompachika kila mkalimani asidi amino iliyo yake. Vimeng'enya hivyo vikikosea, kosa hupita mpaka katika protini, kwa kuwa ribosomu haimkagui mkalimani alichobeba. Hutazama tu kama herufi zake tatu zimepatana na waraka. Ribosomu, basi, ni baraza. Ndipo waraka unapofunguliwa, wakalimani wanapopishana, na maneno ya lugha mpya yanapounganishwa.

Sasa tufike katika mwanzo. Nitatoa mfano kwa Kiswahili, kwa sababu lugha yetu inao mfano mwema. Tuchukue herufi hizi kumi na mbili zilizoandikwa bila nafasi: MTOULEUNAPAA. Anayeanza na herufi ya kwanza na kukata tatu tatu husoma: mto ule una paa. Ni sentensi kamili. Anayeanza na herufi ya pili husoma tou, leu, nap, kisha hubaki na aa, na hapana neno. Anayeanza na herufi ya tatu husoma oul, eun, apa, na moja hubaki. Kwa bahati amekutana na neno apa, lakini hakuna anayeapa wala kinachoapiwa. Herufi hazikuongezeka wala hazikupungua. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia, na kwa kubadilika huko maana yote imepotea. Hali ya waraka wa RNA ndiyo hiyo. Hauna nafasi wala nukta baina ya kodoni, na Crick na wenzake walithibitisha mwaka 1961 kwamba husomwa tatu tatu kuanzia mahali maalumu. Anayeihariri miswada ya hati za Kiarabu anayajua mashaka ya namna hii, maana humo pia huweza kukuta herufi zilizoshikana pasipostahili na kuachana pasipostahili, naye hana budi kutafuta neno linapoanzia kabla hajalitafuta linamaanisha nini.

Chembe hujuaje mahali pa kuanzia? Alama yenyewe ni kodoni AUG, inayotaja asidi amino iitwayo metionini. Lakini AUG huweza kutokea pia katikati ya waraka, na huko hutaja metionini tu bila kufungua lolote. Alama moja, basi, ina kazi mbili, na kinachoamua ni mahali ilipo. Bakteria wana njia yao: mwaka 1974 John Shine na Lynn Dalgarno walionyesha kwamba kabla kidogo ya AUG ya kufungulia pana herufi chache zinazopatana na herufi za RNA ya ribosomu yenyewe, hata ribosomu hutua papo hapo panapotakiwa. Viumbe vyenye chembe za kiini, kama binadamu, kuku na alizeti, hutumia njia nyingine. Kichwani mwa waraka pana herufi moja ya namna ya pekee, iliyogeuzwa na kupachikwa kama kofia, ambayo iligunduliwa katikati ya miaka ya 1970. Sehemu ndogo ya ribosomu hushika kichwani hapo, kisha huteremka ikipita herufi baada ya herufi mpaka ikute AUG. Marilyn Kozak ndiye aliyetoa rai hiyo mwaka 1978, na baadaye akaonyesha kwamba herufi zinazoizunguka AUG huipa nguvu au huipunguzia. Ikiwa herufi ya tatu kabla yake ni A au G, na inayoifuata mara moja ni G, baraza hufunguliwa hapo kwa uhakika. Zikiwa vinginevyo, ribosomu nyingi huipita na kuendelea mbele.

Mswahili yeyote aliyewahi kuandikiwa barua ataitambua njia hii. Barua zetu haziingii katika shauri moja kwa moja. Kichwani huwa na anwani na tarehe; kisha hufuata salamu, na habari za afya, na kuulizana hali za jamaa, na watoto, na mifugo. Msomaji mzoefu huyapitia hayo yote kwa macho, si kwa kuyadharau, mpaka afike penye maneno matatu yanayojulikana kwa kila mtu: baada ya salamu. Hapo hujua kwamba shauri limeanza. Kofia ya waraka wa RNA ni kichwa cha barua. Herufi zinazofuata kofia, ambazo hazigeuzwi kuwa protini, ni salamu. AUG ni baada ya salamu. Na mtu akiandika baada ya salamu tena katikati ya barua, akisimulia barua nyingine, msomaji hafikiri kwamba barua imeanza upya.

Mfano huu nao yafaa uhakikiwe, maana mhakiki asiyehakiki mifano yake hatendi haki. Una upungufu wa namna mbili. Kwanza, barua husomwa na mtu mmoja baada ya mwingine, na waraka wa RNA husomwa na ribosomu nyingi kwa wakati mmoja, moja ikiwa karibu na mwisho na nyingine ikiwa ndiyo kwanza yatoka kichwani. Pili, maneno baada ya salamu si sehemu ya shauri, lakini AUG hugeuzwa kuwa metionini, na metionini hiyo huwa asidi amino ya kwanza ya protini. Upungufu huu wa pili hupungua makali tukijua kwamba katika protini nyingi metionini hiyo hukatwa baadaye na kutupwa. Neno la kufungulia hufungua, kisha huondoka.

Jambo hilo si dogo, nalo linagusa neno lingine la Kiswahili linalostahili sifa. Ugonjwa wa selimundu, ambao jina lake limeundwa kwa seli na mundu kwa sababu chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, hutokana na badiliko la kodoni moja tu katika waraka wa himoglobini: GAG imekuwa GUG, na badala ya asidi ya glutamiki huingia valini. Vernon Ingram alilionyesha badiliko hilo la asidi amino mwaka 1957. Vitabu vya zamani husema badiliko lipo katika asidi amino ya sita. Maandishi mapya husema ni ya saba. Mwanafunzi huweza kudhani kwamba kitabu kimoja kimekosea. Hapana kilichokosea. Anayehesabu protini iliyokamilika huanza baada ya metionini kukatwa. Anayehesabu waraka huanza na AUG. Tofauti nzima imetoka katika mwanzo, na maelezo yasiyotaja mwanzo hayawezi kuieleza.

Nikirudi katika baraza, nataka kuonyesha kwamba kulifungua si jambo la mara moja. Ribosomu ina sehemu mbili, ndogo na kubwa, nazo hukaa mbalimbali wakati hakuna kazi. Mkalimani wa kwanza, anayebeba metionini ya kufungulia, si yule anayeleta metionini za katikati. Ana umbo lake na kazi yake. Huongozwa na protini iitwayo eIF2, na huketi katika sehemu ndogo kabla waraka haujaletwa. Protini nyingine huushika waraka penye kofia na kuyanyosha mafundo yake. Ndipo sehemu ndogo hushuka ikitafuta AUG. Ikiipata, mkalimani hupatana nayo, nguvu iliyowekwa akiba katika GTP hutumika, eIF2 huondoka, na hapo tu sehemu kubwa huja kuungana na ndogo. Katika mikutano yetu twalo neno la jambo hili, nalo ni akidi. Watu huweza kuwapo, na waraka ukawapo mezani, lakini akidi isipotimia mwenyekiti hafungui, na lisilofunguliwa halijadiliwi.

Hapa ndipo ninapoyajibu mashtaka. Ni kweli kwamba ribosomu haichagui maneno. Lakini chembe huchagua waraka upi ufunguliwe, lini, na mara ngapi. Na uchaguzi huo kwa sehemu kubwa hufanyika katika mwanzo. Chembe ikipatwa na dhiki, kama njaa ya asidi amino au shambulio la virusi, hubandika fosfeti katika eIF2, na mabaraza mengi hukosa akidi kwa pamoja, ingawa nyaraka chache zilizoandikwa kwa njia ya pekee huendelea kufunguliwa. Basi ile hiari ambayo Mswahili huisikia ndani ya neno tafsiri ipo kweli. Haipo katika kugeuza neno kwa neno, ambako kila kitu kimekwisha kuamuliwa na jedwali. Ipo katika kufungua. Hata mfasiri wa vitabu, tukimtazama vizuri, uamuzi wake ulio mkubwa kuliko yote ni kitabu kipi akitafsiri na kipi akiache rafuni.

Sasa twende shambani. Mbegu ya alizeti iliyokauka imelala, lakini si tupu. Ndani yake mna ribosomu, mna wakalimani, na mna nyaraka za RNA zilizoandikwa wakati ua lilipokuwa bado juu ya mmea. Wataalamu walianza kulitambua jambo hili katika miaka ya 1960. Mwaka 1965 Leon Dure na Larry Waters walionyesha kwamba mbegu za pamba huanza kuunda protini hata zikizuiwa kuandika RNA mpya. Maana yake nyaraka za zamani zilikuwamo zikingoja. Katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2004 kwamba mbegu iliyozuiwa unukuzi hufaulu kutoa kimzizi, na iliyozuiwa tafsiri haifaulu kabisa. Uhai mpya wa mmea, basi, hauanzi kwa kuandika. Huanza kwa kufungua yaliyokwisha kuandikwa, na maji ndiyo yanayotimiza akidi.

Alizeti yenyewe imechunguzwa. Mbegu zake zilizovunwa karibuni mara nyingi hazioti vizuri hata zikipewa maji. Hutaka kukaa kavu kwa majuma au miezi ndipo usingizi uzitoke. Mwaka 2011 watafiti wa Paris walionyesha kwamba wakati wa kukaa kavu baadhi ya nyaraka huharibiwa kwa oksijeni, wala si ovyo ovyo, bali zile zinazohusika na usingizi huo. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba mbegu iliyolala na isiyolala zikiloweshwa maji, zote mbili hutafsiri, ila hazifungui nyaraka zile zile. Na orodha ya nyaraka zilizomo haitoshi kumwambia mtu zipi zinasomwa. Mkulima wa Mgori avunaye alizeti baada ya mvua kukoma na kuiweka mpaka mvua inayofuata, amekuwa akiupa wakati huo wa ukavu nafasi ya kufanya kazi yake. Anajua kwamba mbegu mpya haina haraka na mbegu iliyokaa huamka. Anachokosa ni maneno ya kumwambia kwa nini, naye hayakosi kwa uzito wa akili, bali kwa uvivu wetu sisi tunaoshughulika na lugha.

Tazama sasa maelezo yetu ya kawaida yanampa nini. Humwambia kwamba ribosomu husoma ujumbe na kutengeneza protini. Sentensi hiyo ni kweli, lakini kwa mujibu wake mbegu yenye ujumbe na ribosomu ingepaswa kuota ghalani. Imeruka mwanzo, na kwa kuruka mwanzo imeruka jambo lote linalomhusu mkulima. Ndivyo ilivyokuwa pia katika habari za chanjo za RNA wakati wa maradhi ya UVIKO-19. Katalin Karikó na Drew Weissman walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023 kwa kazi iliyowezesha chanjo hizo. Watengenezaji hawakuandika shauri tu. Walilazimika kuandika pia kofia na salamu, kwani bila hizo waraka usingefunguliwa. Katika chanjo ya Pfizer na BioNTech salamu hizo zilichukuliwa kutoka waraka wa himoglobini ya binadamu, zikarekebishwa ili AUG ifunguke vizuri. Mtu aliyeambiwa kwamba mjumbe ameingia katika mwili wake ana haki ya kuuliza mjumbe huyo ametumwa na nani na ana mamlaka gani juu ya vinasaba vyake. Mtu aliyeambiwa kwamba ni waraka, usomwao nje ya kiini kisha ukachanwa, ameelezwa ukweli kwa neno moja.

Wako watakaosema kwamba ni heri tuyachukue maneno ya kigeni kama yalivyo na kuyatia irabu mwishoni, ili mwanafunzi asipotee atakapofika sekondari. Nami sikatai ribosomu, kodoni wala metionini, kwa kuwa hayo ni majina ya vitu ambavyo babu zetu hawakuviona. Lakini tafsiri, waraka, mkalimani, baraza na akidi ni majina ya kazi, na kazi hizo twazijua. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilithibitisha kwamba msamiati wa sayansi huweza kukusanywa na kusanifiwa kwa Kiswahili. Kinachobaki ni kazi ya uhakiki, yaani kuliuliza kila neno lililokusanywa kama linafikiri vema au limekariri tu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Neno tafsiri libaki, likitengwa daima na unukuzi. Neno mjumbe liachwe, na mahali pake pawekwe waraka. RNA inayobeba asidi amino iitwe mkalimani. Na hatua ya kwanza ya kazi isiitwe uanzishaji, neno linalofaa kiwanda na chama na shule kwa usawa bila kusema lolote, bali iitwe ufunguzi, maana ndani yake mna waraka unaofunguliwa, na baraza linalofunguliwa, na akidi inayotakiwa kabla ya yote mawili. Maneno haya nayaleta mbele ya wenzangu wa lugha na wa elimu ya viumbe ili yapimwe kama nilivyopima mengine. Mwenye neno bora na alilete. Lakini kabla hajalileta, na alijaribu kwanza kwa mtu mwenye debe la mbegu mkononi, anayetazama mawingu ya Desemba yakijikusanya juu ya Mgori.